BABA YA SIMBA: MAISHA YA GEORGE ADAMSON

Katika toleo hili nimeonelea niwasimulie maisha ya mtu ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia likitajwa, lakini habari zake kamili ni wachache wazijuao. Huyu si mwingine ila George Adamson, aliyejulikana kwa jina la Baba ya Simba. Najua wapo watakaoshika kalamu nyekundu na kusema kwamba sarufi inataka Baba wa Simba. Ni kweli kabisa, lakini hivyo ndivyo watu walivyomwita, nami sina ruhusa ya kumbatiza upya.

Nimemchagua mtu huyu kwa sababu moja. Kila tunapofanya mdahalo kuhusu wanyamapori, ukumbi hugawanyika mara mbili. Kuna wale wasemao kuwa mnyama ni mali ya nchi na ni lazima alindwe. Halafu kuna wale waulizao, tena kwa hasira, ni kwa nini simba anunuliwe nyama ilhali kuna binadamu analala njaa. Maisha ya Adamson yanawapa jibu watu wa pande zote mbili, na yanawapa maswali pia. Zaidi ya hayo, yanatuonyesha jambo ambalo si wengi hulifikiria: kumwokoa mtoto wa mnyama aliyefiwa na mamake ni rahisi, kumrudisha porini akajitegemee ndiyo kazi.

George Adamson alizaliwa tarehe 3 Februari mwaka wa 1906 nchini India, ambako babake alikuwa akifanya kazi. Alipelekwa Uingereza kusoma, na mwaka wa 1924, akiwa barobaro wa miaka 18, akaja Kenya kuungana na wazazi wake waliokuwa wamenunua shamba la kahawa. Kazi ya shamba haikumwingia hata kidogo. Basi akawa mtu wa kuhangaika huku na huko. Alitafuta dhahabu, alifanya biashara ya mbuzi, akawa mwindaji wa kuwaongoza wageni porini. Yote hayo hayakumtajirisha. Hatimaye mwaka wa 1938 aliandikwa kazi katika idara ya wanyamapori ya serikali ya kikoloni, akapewa kuangalia eneo la kaskazini lenye ukame, kuanzia Isiolo kupanda hadi kwenye mpaka wa Ethiopia.

Hiyo haikuwa kazi ya kukaa ofisini na kunywa chai. Alisafiri kwa majuma mengi kwa miguu, mizigo ikibebwa na ngamia na punda, akiwasaka majangili na kuwaua simba waliozoea kula mifugo au watu. Ningependa msomaji alitie jambo hili akilini, maana bila ya hilo hutaelewa yaliyofuata. Kabla ya kuwa baba wa simba, Adamson alikuwa muuaji wao, na alilipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Mwaka wa 1944 alimwoa Joy, mwanamke mwenye asili ya Austria aliyekuja Kenya mwaka wa 1937. Joy alikuwa mchoraji hodari. Alichora maua ya nchi hii, na baadaye akachora picha za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya kiasili. Picha hizo ni hazina, kwa sababu baadhi ya mavazi hayo leo huwezi kuyaona popote ila kwenye makumbusho.

Basi ikafika tarehe 1 Februari mwaka wa 1956. Adamson alikuwa ametumwa kumtafuta simba aliyekuwa ameua mtu. Yeye na mwenzake walikutana na simba jike aliyetoka mbio kuwashambulia, wakampiga risasi akafa. Kumbe mama huyo hakuwa na ukali wa bure! Walipotazama vizuri waliona kwamba alikuwa na maziwa, na walipotafuta wakasikia sauti ndogo kutoka kwenye ufa wa mwamba. Humo mlikuwa na shibli watatu, yaani watoto wa simba, wa kike wote, waliozaliwa siku chache tu zilizopita. Adamson akawatia garini, akawapelekea mkewe.

Fikiria hali hiyo, ewe msomaji. Mtu amemuua mama aliyekuwa akiwalinda wanawe, naye sasa amewashika wana hao mikononi. Angeweza kuwaacha pale mwambani wakafa kwa njaa, na hakuna sheria ambayo ingemshtaki. Mimi naona kwamba maisha yake yote yaliyobaki, miaka 33, yalikuwa ya kulipa deni la siku ile.

Mwanzoni shibli walikataa katakata kula. Baadaye wakakubali maziwa ya kopo yasiyo na sukari yaliyochanganywa na maji. Walipokua kidogo, nyumba ikawa haiwatoshi, na wawili wakubwa wakapelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, nchini Uholanzi. Mdogo wao aliyekuwa dhaifu kuliko wote ndiye aliyebaki. Huyo ndiye Elsa. Alilelewa Isiolo kama mtoto wa nyumba ile, akawa anasafiri na walezi wake kila waendako. Alitembea nao hadi ziwa ambalo leo linaitwa Turkana, na aliwahi hata kufikishwa pwani, akaogelea katika Bahari ya Hindi.

Lakini mtoto wa simba si paka. Elsa alipokaribia umri wa miaka miwili, swali likaja: apelekwe wapi? Njia ya kawaida ilikuwa kumfuatisha dada zake, akaishi nyuma ya vyuma hadi kufa. Adamson na mkewe wakachagua njia ambayo watu wengi waliiona kuwa ni wazimu, nayo ni kumfundisha awe simba.

Hapa panahitaji maelezo. Simba hazaliwi akijua kuwinda. Hukaa na mamake kwa muda wa kama miaka miwili akifunzwa: namna ya kunyemelea, namna ya kumkaba mnyama koo, mnyama yupi ana pembe za kuogopwa, na mpaka wa eneo la simba wengine uko wapi. Yatima hana elimu hiyo. Ukimfungulia mlango na kumwambia aende zake, atakufa kwa njaa, au atauawa na simba wenyeji, au atarudi kijijini kwa watu ambao hawaogopi. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Simba wa porini akisikia harufu ya mtu hujiepusha. Simba aliyelelewa na mtu humwendea.

Mara ya kwanza walipojaribu kumwachilia Elsa mambo yalienda mrama. Aliugua, akakonda, ikabidi arudishwe mikononi mwa walezi wake. Safari ya pili walimpeleka karibu na Mto Ura, sehemu za Meru. Adamson alikuwa akimpigia mnyama risasi na kumwachia Elsa amalizie, kisha wakamwacha peke yake kwa siku moja, siku mbili, juma zima. Kila walipoondoka walikuwa hawajui kama watamkuta hai. Polepole akajifunza. Akawinda mwenyewe, akapata dume la porini, na mnamo Desemba mwaka wa 1959 akazaa watoto watatu, ambao walipewa majina ya Jespah, Gopa na Elsa mdogo. Siku moja akawaleta watoto wake kambini kuwaonyesha walezi wake. Ilikuwa ajabu iliyoje! Simba yule alikuwa ameweza kuishi kama simba bila ya kuwasahau watu waliomlea.

Furaha hiyo haikudumu. Januari mwaka wa 1961 Elsa alishikwa na ugonjwa unaoletwa na kupe. Joy alikuwa amekwenda Nairobi kutafuta msaada, na ni Adamson aliyekuwa kando yake alipokata roho. Alizikwa huko huko Meru.

Watoto wake wakabaki mayatima kama mama yao alivyokuwa, nao hawakuwa wamekomaa. Njaa ikawapeleka kwenye maboma ya watu, wakaanza kula mbuzi. Wenyewe wenye mbuzi hawakunyamaza, na ni nani angewalaumu? Mbuzi wa mfugaji ni karo ya mtoto, ni dawa, ni mahari. Jespah alichomwa mshale, kichwa cha mshale kikabaki mwilini. Ikabidi wakamatwe wote watatu na kusafirishwa hadi Serengeti, katika nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Adamson aliacha kazi ya serikali mwaka huo wa 1961, na yeye na mkewe wakawatafuta shibli hao kwa miezi mingi katika uwanda ule mpana.

Wakati huo huo kitabu alichoandika Joy kuhusu Elsa, kilichotoka mwaka wa 1960, kilikuwa kimeenea duniani na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Filamu ikafuata mwaka wa 1966, nayo ilipigwa papa hapa Kenya, Adamson akiwa mshauri wa mambo ya simba. Filamu ilipokwisha, simba wengi waliotumika walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Adamson aliumia sana moyoni. Ilikuwaje simba waigize hadithi ya uhuru, kisha wafungwe? Akapigania apewe wachache, akawapata, miongoni mwao Boy na ndugu yake Girl, ambao zamani walikuwa wa kikosi cha askari wa Uingereza. Akahamia nao Meru, akaanza kuishi kambini kama baba wa familia ya simba.

Mbinu yake ilikuwa hii. Simba mmoja hawezi kuishi peke yake, kwa hiyo ilimlazimu kuunda kundi zima lenye dume la kulilinda. Asubuhi alitoka nao kwa miguu, wakazoea harufu na njia za mahali pale. Wakiwa wadogo aliwalaza ndani ya ua wa waya ili wasiliwe na simba wengine au fisi. Walipokomaa, lango likaachwa wazi, wakaenda na kurudi wapendavyo. Wengine walirudi baada ya siku mbili, wengine baada ya miezi. Wengine hawakuonekana tena, na hapo ndipo aliposema moyoni kwamba wamefuzu, au wamekufa, bila ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Mwalimu gani awezaye kuvumilia kutoyajua matokeo ya mtihani wa wanafunzi wake?

Huko Meru, Boy alimjeruhi mtoto mdogo wa mkuu wa mbuga. Baadaye yeye mwenyewe akavunjika mguu, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma, kisha akauguzwa nyumbani kwa Joy, Naivasha. Ilikuwa wazi kwamba Meru hapakuwa na nafasi tena kwa Adamson na simba wake. Mwaka wa 1970 akahamia Kora, kusini mwa Mto Tana, nchi ya miiba na miamba ambako hata mvua huja kwa kubembelezwa. Ndugu yake Terence, fundi wa kujitegemea, alimjengea kambi na kukata barabara katika kichaka kile. Kambi ikaitwa Kampi ya Simba.

Mmoja wa simba wa kwanza kuletwa Kora alikuwa Christian. Huyu alizaliwa Uingereza mwaka wa 1969, akauzwa dukani London, wakamnunua vijana wawili wa Australia waliomfuga mjini humo katika duka la fanicha. Alikuwa hajawahi kuona pori. Adamson akampa Boy awe mlezi wake. Vijana wale walipokuja kumtazama mwaka wa 1971, Christian aliwatambua, akawarukia na kuwakumbatia kwa miguu ya mbele. Filamu ya mkutano huo imetazamwa na mamilioni ya watu. Mwaka wa 1973 Christian alielekea upande wa Meru, akaenda moja kwa moja, wala hakuonekana tena.

Sasa nafika mahali pagumu. Tarehe 6 Juni mwaka wa 1971, Boy alimshambulia mfanyakazi wa kambi, Mkenya aliyekuwa ametoka nje ya ua. Adamson alisikia ukelele, akashika bunduki na kukimbia. Alimpiga Boy risasi akamuua. Lakini yule mfanyakazi alikuwa amejeruhiwa shingoni, akafa muda mfupi baadaye. Boy alikuwa simba aliyemlea, aliyemuuguza, aliyezunguka naye kwa miaka. Mkono ule ule uliomlisha ndio uliomfyatulia risasi, bila ya kusita.

Watu wengi husimulia habari za Christian na kuliruka jambo hili. Mimi naona si haki. Mtu alikufa, na aliacha watu waliomlilia. Wapo waliosema kwamba Adamson angeacha kazi hiyo siku ile ile, na hoja yao ina uzito: simba waliozoea watu ni hatari kuliko simba wa porini, na mzigo wa hatari hiyo waliubeba wafanyakazi wenye mshahara mdogo, ambao majina yao hayasikiki sana wakati sifa zinapogawanywa. Adamson hakuacha. Aliamini kwamba kosa la mnyama mmoja lisiwe hukumu ya wote. Lakini hapakuwa na mwaka ambao hatari ilikuwa mbali. Msaidizi wake Tony Fitzjohn aliumwa na simba mwaka wa 1975 nusura afe, naye Terence akajeruhiwa mwaka wa 1980, serikali ikasimamisha kwa muda kazi ya kuwaachilia simba pale Kora.

Maoni yangu ni haya. Kumpenda mnyama si kosa, lakini anayempenda lazima akubali kuwajibika kwa atakalolitenda mnyama huyo. Adamson aliwajibika. Hakumpelekea mtu mwingine kazi ya kumuua Boy, wala hakukaa mjini akatuma watu wakae na simba. Alilala palepale, akala chakula kile kile, akavaa kaptula na kandambili, ndevu nyeupe kidevuni na kiko mdomoni, miaka nenda miaka rudi. Pesa alizopata ziliishia kwa simba. Hiyo haiondoi uchungu wa aliyefiwa, lakini inamtofautisha na wengi wanaopenda wanyama kwa maneno matupu.

Ndoa yake na Joy ilikuwa ya kukaa mbalimbali. Joy alijishughulisha na duma na chui, naye aliuawa huko Shaba tarehe 3 Januari mwaka wa 1980. Terence akafariki mwaka wa 1986, akazikwa Kora. Mzee akabaki na wafanyakazi wake na simba. Nje ya ua mambo yalikuwa yamechacha. Majangili wenye bunduki za kisasa walikuwa wamemaliza ndovu wengi, na majambazi walizivamia barabara. Aliambiwa ahame, akakataa. Akapokea tena shibli watatu mayatima, akaanza upya masomo yale yale akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Tarehe 20 Agosti mwaka wa 1989, majambazi waliteka gari lililokuwa limembeba mgeni wake wa kike na mfanyakazi wake mmoja, karibu na uwanja wa ndege wa Kora. Adamson alisikia milio ya bunduki. Alikuwa na miaka 83. Mzee wa umri huo angejifungia ndani na hakuna ambaye angemcheka. Yeye akaingia garini pamoja na wafanyakazi wake, akaendesha kuelekea kwenye risasi. Mgeni yule alinusurika. Adamson na wasaidizi wake wawili wakauawa. Akazikwa huko huko Kora, kando ya ndugu yake. Ajabu ya Mungu, mtu aliyeishi na simba tangu mwaka wa 1956 aliuawa na binadamu.

Baada ya hapo, Kora ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa. Shibli watatu wa mwisho wakapelekwa Botswana kuendelea na mafunzo yao. Fitzjohn akaenda Mkomazi, Tanzania, kuwalinda vifaru na mbwa mwitu. Na hapa kwetu kazi ya kuwalea mayatima haikukoma. Huko Nairobi ndovu wadogo waliofiwa na mama zao hulishwa maziwa maalum mchana na usiku, walezi wakilala nao chumba kimoja, kisha hupelekwa Tsavo wakajiunge na wenzao wa porini. Njia ni ile ile: mlee, mfundishe, mfungulie lango, mwache aamue mwenyewe.

Sensa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilihesabu simba 2,589 katika Kenya nzima. Katika baadhi ya shule za upili zilizo kubwa, wanafunzi hawapungui hesabu hiyo kwa mbali. Tukijiuliza kama mtu mmoja na simba wake wachache walileta tofauti yoyote, jibu langu ni kwamba hakuongeza simba wengi, ila aliwafanya watu wengi sana wabadili namna ya kumtazama simba. Kabla ya Elsa, simba alikuwa ngozi ya kutandikwa sakafuni. Baada yake, simba akawa na jina.

Wahenga walisema kwamba mlezi wa mwana ndiye mamake. Wangekuwepo Kora wangeongeza kwamba mlezi wa kweli ni yule anayejua siku ya kumwachilia mwana. Nawaachia neno hilo mlitafune, na kwa wale watakaosimama upande wa upinzani katika mdahalo ujao, karibuni sana. Hoja mnazo, nami nimewapa nyingine bure bilashi. Mungu akipenda tuonane katika toleo lijalo. Wasalaam.